Je, Ulipimwa Damu?

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Hakutumia neno jingine nami nilimshukuru, kwa sababu ndivyo ninavyousikia: unapiga, unasita, unakumbuka kazi yake, unapiga tena. Binti yangu Awiti alipomuuliza kama nitaiona Krismasi, daktari akageuka kutazama dirishani. Nje hakukuwa na chochote cha kutazama.

Basi nitaandika msimu huu wa mvua, na nitaandika kwa Kiswahili nilichosomeshwa Bungoma kabla sijahamia Kampala na marehemu mume wangu, Oketch. Kiingereza nilikitumia kwa ripoti. Kuna jambo ambalo halikuingia katika ripoti yoyote na sijamwambia mtu, na sitaki kwenda nalo. Bado sijui nitamwambia nani.

Leo asubuhi nilikuwa nimekaa barazani, blanketi magotini, nikamwona mwanamke amesimama kwenye geti letu akiandika namba kwa chaki. Nilimjua kwa mgongo wake kabla hajageuka.

"Joska! Bado wanakutembeza na chaki?"

"Mwalimu! Na wewe bado napumua?"

Tulicheka mpaka nikakohoa. Joska ni Mwacholi aliyekulia kwenye kambi ya polisi, ndiyo maana Kiswahili chake ni kile cha uani kambini, hakina haya wala ngeli. Miaka kumi na miwili iliyopita alinifanyia kazi. Sasa ana mvi.

"Raundi ya tatu?" nilimuuliza.

"Raundi ya tatu. Hii mlima yote, mpaka chini kwa reli. Na geti yako imo, Mwalimu. Hakuna mtu ameiweka, ni bahati nasibu."

Nyumba yangu imo. Nilianzisha utafiti huu mimi, nikauliza maelfu ya watu, na leo ndiyo mara ya kwanza chaki kugusa geti langu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza, kubwa. Awiti hakwenda dukani kwake. Malaria.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Awiti bado malaria. Victoire, mpangaji wetu wa chumba cha mwisho, amemletea machungwa.

Jumapili, 9 Machi

Niieleze kazi, maana atakayesoma huenda hajawahi kuisikia.

Tulitaka kujua jambo linaloonekana dogo: katika watu wanaoishi chini ya mlima huu wa Kibuli, ni wangapi wana ugonjwa wa akili? Sisemi wale wanaotembea uchi barabarani. Hao kila mtu anawaona. Ninasema huzuni isiyoondoka, hofu inayomfunga mtu ndani, usingizi unaokimbia miezi. Na baada ya kuwahesabu mara moja, tuwahesabu tena miaka kumi na miwili baadaye, na tena, ili tujue kama wanaongezeka au wanapungua, na serikali ijue iweke wauguzi wangapi.

Raundi ya kwanza tulipata watu wachache mno. Hawakufika hata mmoja katika ishirini. Wakubwa walifurahi, wakasema watu wetu wana furaha. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyua zile. Nilimwona mama akiulizwa, "Je, unalia mara nyingi?" huku jirani anafua hatua tatu kutoka kwake na mwenye nyumba anajifanya kupepeta maharage. Angejibu nini? Wengine waliamini kwamba atakayesema ndiyo atafuatwa kesho yake na gari la hospitali ya wagonjwa wa akili.

Kwa raundi ya pili niliweka sheria. Anayeulizwa aulizwe peke yake, wengine wote wakae mbali wasisikie. Mtu asiambiwe maswali mapema, na asishauriwe jibu. Na mwishoni kila aliyeulizwa, mzima au mgonjwa, apewe kadi ileile ya kliniki, ili kadi isimtangaze mtu.

Kisha nikaongeza swali moja ambalo lilibadilisha kila kitu. Nitaliandika siku nyingine. Leo mkono umechoka.

Jumatano, 12 Machi

Awiti ameamka, ameoga, amepanda boda kwenda Nakivubo kufungua duka lake la vifungo na zipu. Amerudi na samaki wa ziwani kutoka Ggaba. Tumekula vizuri. Kutoka msikitini ilisikika adhana ya magharibi na jirani zetu wakafuturu, harufu ya sambusa ikatufikia. Amecheka mara moja, kwa jambo alilosema Victoire kuhusu mteja aliyetaka kitenge "chenye rangi ya mume wake."

Jumamosi, 15 Machi

Joska amekuja na tableti yake ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikuwa nimejiandaa tangu Jumatatu ile ya chaki. Nilivaa gauni la buluu. Niliamua: nitaulizwa, nitajibu kweli yote, na hilo ndilo litakuwa ungamo langu. Joska ataandika na kufunga, nami nitakuwa nimesema mbele ya mtu mmoja kabla sijafa.

"Watu wazima ngapi hii nyumba?"

"Wawili. Mimi na Awiti. Mpangaji anapika kwake."

Akaingiza majina. Katika kila nyumba anaulizwa mtu mmoja tu, na mashine ndiyo inayopiga kura. Akabonyeza, akasoma, akanitazama.

"Ni Awiti."

"Bonyeza tena."

"Mwalimu!"

"Joska, mimi ni mzee. Nina dakika zangu chache. Awiti yuko Nakivubo. Mimi niko hapa, nimevaa."

"Nimeona gauni. Imekupenda. Lakini wewe ndiyo ulifunza sisi: tukianza kuchukua ule ambaye iko nyumbani, tutahesabu wazee na wagonjwa peke yake, na wale ambao natoka kutafuta chakula, hatutajua. Ulipiga meza hivi. Kikombe ikaanguka."

Ni kweli. Kikombe kilianguka.

"Nitarudi," akasema. "Mara tatu, kama sheria. Ya leo ni moja."

Aliposhuka kilima nilibaki na gauni langu. Nilijisikia kama mtu aliyekwenda kutubu akakuta kasisi amesafiri. Na ndipo nilipotambua kwamba siku zote hizi nilikuwa nikijiwazia mimi. Kura ilikuwa imemwangukia yule aliyepaswa kuwaziwa.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Mfereji wa Nakivubo umefurika, maduka ya chini yameingiwa na maji. Awiti malaria.

Jumanne, 18 Machi

Awiti malaria.

Jumatano, 19 Machi

Leo nilishika ukuta, kisha mlango, kisha kitanda, nikafika chumbani kwake. Alikuwa amelala ameuelekea ukuta, macho wazi. Nikaweka kiganja kwenye paji lake.

Lilikuwa baridi.

"Umekula?"

"Baadaye, Mama."

"Ulipimwa damu?"

"Malaria naijua, Mama. Si ya kwanza."

Najua chumba kile. Najua jinsi sauti za watu nje zinavyofika kama zinatoka nyumba ya tatu, na jinsi kuvaa kiatu kimoja kunavyohitaji mashauriano ya asubuhi nzima. Niliondoka bila kusema neno, kwa sababu nilivyozoea ni kuondoka bila kusema neno.

Jumamosi, 22 Machi

Mara ya pili. Joska alifika saa nne. Awiti alikuwa ndani. Nilimsikia akigeuka kitandani. Alipoitwa hakujibu, na Joska, ambaye amesimama kwenye milango mingi, hakuita mara ya pili.

"Iko mara moja imebaki," alisema polepole. "Baadaye naandika 'hakupatikana', na mashine nafunga hii nyumba."

"Na wasiopatikana ni akina nani, Joska?"

"Wewe najua kuliko mimi."

Najua. Wasiopatikana si sawa na waliopatikana. Wengine wako kazini kweli. Wengine wako nyuma ya mlango.

Joska alipoondoka, Victoire alitoka chumbani kwake, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaketi kwenye ngazi chini ya miguu yangu. Victoire ni mtu wa Bukavu, anauza vitenge jirani na duka la Awiti, na huniita Koko, kama anavyowaita bibi za kwao.

"Koko, niko na neno. Usikasirike."

"Sema."

"Awiti amenipatia ile mashini yake ya kushona. Jana. Minamuuliza, bei gani? Anasema, chukua tu, mimi siihitaji tena. Koko, mimi ni mtu wa soko. Batu ba soko habatoe kitu bure. Ile mashini anaipenda kuliko mume. Mashini iko mule ndani, nimeifunika na shuka, sipendi hata kuiangalia. Niko naogopa."

Cherehani ile alinunuliwa na baba yake alipomaliza shule.

Niliwafundisha vijana zaidi ya mia moja dalili za kuangalia. Mtu anayeanza kugawa vitu anavyovipenda ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Nilikuwa naisema nikiwa nimesimama, kalamu mkononi, kisha naendelea na inayofuata.

"Umefanya vizuri kuniambia," nilimwambia Victoire. "Usiirudishe. Usiiuze. Na kesho usitoke kabla sijaamka. Kaa karibu na Awiti, hata kama hataki maneno."

"Nitamwambia anifundishe zipu," alisema. "Atanitukana, lakini atanifundisha."

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kanisani. Victoire ameshona zipu kombo mara nne makusudi. Nimesikia Awiti akisema, "Wewe mwanamke, hata mbuzi angejifunza." Nilimshukuru Mungu kwa tusi hilo.

Siku nzima nimebishana na nafsi yangu. Kama nitamwambia Awiti ninayotaka kumwambia, nitakuwa nimemgusa mtu aliyechaguliwa kabla hajaulizwa. Ni sheria yangu mwenyewe. Vijana wawili niliwafukuza kazi kwa kuivunja, mmoja alilia mbele yangu. Nilimwambia kwamba jibu lililoguswa si jibu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua ilianza saa nane mchana. Mabati yetu ni ya zamani, na mvua ikiyapiga hivi hata mtu aliyesimama mlangoni hasikii yanayosemwa kitandani. Nikajua kwamba nyumba imenifungia milango yote ninayohitaji. Nikaenda chumbani kwa Awiti, nikapanda kitandani upande ambao baba yake alikuwa akiketi kumsomea, nikajifunika ncha ya shuka.

"Mama, unaumwa?"

"Ndiyo. Nataka kukuambia tangu lini."

Nitaandika kama nilivyomwambia, kwa sababu ndilo jambo lenyewe.

Nilimwambia: Ulipozaliwa, nililala majuma saba. Nilikunyonyesha kwa kuwa walikuweka kwenye ziwa langu. Sikuwa na homa. Sikuwa na jeraha. Nilikuwa chini ya kitu kizito, na nilidhani nyinyi mngekuwa salama zaidi kama nisingekuwapo. Majirani wakaanza kuuliza, na baba yako, ambaye alikuwa mtu mwema na aliogopa, akasema, "Ana malaria." Neno lile likafungua milango. Watu walileta uji, walileta machungwa, walikufulia nepi. Kwa huzuni isiyo na msiba hakuna aliyewahi kuletewa chungwa. Basi nikalishika neno. Nikapona polepole, nikarudi kazini, wenzangu wakasema pole kwa malaria. Kitu kile kikaja tena ulipokuwa na miaka minne. Na tena. Mara nyingi kwenye mvua. Kila mara nilisema malaria. Nilisimama mbele ya madarasa nikafundisha jinsi ya kupima ugonjwa katika watu, kisha nikarudi nyumbani nikalala chini ya ugonjwa uleule, nikaupa jina la mbu.

Na lile swali, nilimwambia. Kabla ya raundi ya pili tulikaa mezani, wataalamu tisa, tukijiuliza kwa nini watu wetu wanajibu "hapana" kwa kila kitu. Nikasema: tuwaulize kama mwaka huu walishindwa kufanya kazi kwa sababu ya malaria. Wakisema ndiyo, tuwaulize, Je, ulipimwa damu? Wakisema hapana, tuwaulize ilikuwaje: kulikuwa na homa, au mwili ulikataa tu kuinuka? Mkubwa mmoja akasema, "Swali la akili sana hili, umelipata wapi?" Nikanywa chai. Tuliacha maswali ya zamani kama yalivyokuwa ili tulinganishe, tukaongeza hilo mwishoni. Kwa maswali ya zamani, hesabu haikusogea. Kwa hilo jipya, ilipanda ikawa mmoja katika saba. Magazeti yakaandika kwamba Kampala inapata wazimu. Nikahojiwa redioni, nikaeleza kwa utulivu kwamba wagonjwa hawajaongezeka, tumejifunza tu kuwauliza. Kila mtu alinipongeza. Hakuna aliyeniuliza mara ya pili nimelipata wapi.

"Nimelipata hapa nyumbani," nilimwambia Awiti. "Kwenye kitanda changu, chumba kile. Hilo ndilo ningependa ulijue kabla sijaondoka."

Mvua ilikuwa inapiga. Awiti alikuwa ameketi sasa, magoti kifuani kama mtoto. Ana miaka hamsini kasoro. Mumewe alioa kwingine, watoto wake wako Nairobi na kazi zao, na mwaka jana alihamia kwangu akasema amekuja kunitunza.

"Malaria zako zote," akasema. "Ulipimwa damu?"

"Hata mara moja."

"Nilikuwa nakuwekea kitambaa cha maji."

"Nakumbuka."

"Hapa." Akagusa paji langu. "Paji lilikuwa baridi, Mama. Kila mara. Nilidhani kitambaa changu ndicho kinachofanya kazi. Nilijivunia. Nilimwambia Baba nitakuwa daktari."

Nililia, jambo ambalo moyo wangu haukupenda, na yeye akanishika mgongoni mpaka pumzi ikarudi. Kisha nikamuuliza lile ambalo wataalamu wanasema usiogope kuuliza, na ambalo kama mama niliogopa kuliko kifo changu.

"Ulipompa Victoire cherehani, ulikuwa unaaga?"

Alikunja ncha ya shuka, akaikunjua.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa napunguza vitu. Niliona kila kitu kizito. Niliwaza, Mama akienda, nami sina kazi ya kubaki."

"Na leo?"

"Leo nimechoka. Lakini niko."

"Ukiona unaanza kuaga, utaniamsha?"

"Nitakuamsha."

"Na kama mimi siwezi kuamshwa?"

"Mama!" Karibu acheke. "Nitamwamsha Victoire. Yule halali usiku, anahesabu vitenge."

Akaniletea chai. Hakusema lolote zaidi kuhusu yeye mwenyewe, nami sikumsukuma. Lakini jioni aliketi nami barazani, nywele zimechanwa.

Jumanne, 25 Machi

Nimempigia Joska.

"Joska, nimeharibu sampuli yako. Nimeongea na Awiti. Nimemwambia mambo yangu, na swali la damu pia."

Nilisikia gari, nilisikia pumzi yake.

"Umemwambia ajibu nini?"

"Hapana. Hilo hapana."

"Basi nitaandika kwa maoni: 'Muulizwa ameongea na mama yake.' Mkubwa wangu, Moreen, ataamua kama nahesabu au naacha." Kisha akauliza: "Mwalimu, na kama hungeongea?"

"Jibu lingekuwa safi."

"Eh," alisema Joska. "Safi kama chumba ambayo hakuna mtu."

Jumamosi, 29 Machi

Jua. Duka limefunguliwa nusu siku. Victoire bado ameifunika cherehani kwa shuka.

Jumatano, 2 Aprili

Wiki hii ilikuwa Idi. Jirani wametuletea pilau, na Awiti amekula sahani nzima.

Joska amekuja mara ya tatu, viatu vimejaa tope jekundu. Awiti alimfungulia geti mwenyewe. Waliingia sebuleni, na Joska akanitazama mimi kwenye kiti changu.

"Mwalimu, toka."

"Hiki ni kiti changu."

"Nashukuru kiti. Toka na hiyo kiti kama unataka."

Awiti aliangua kicheko. Victoire alinishika mkono, tukavuka ua kwa hatua zangu za kobe, akaniketisha chumbani kwake kati ya marobota ya vitenge. Mlango wa sebule ukafungwa. Kwa mara ya kwanza nilijua maana ya sheria niliyoiandika. Niliwahi kuwatoa akina mama, waume, wakwe, nikiwaambia ni jambo la dakika chache tu. Si jambo la dakika chache kwa aliye upande wangu wa ua.

"Koko, unasikia kitu?" aliuliza Victoire.

"Hapana."

"Mimi pia hapana. Na nimeweka sikio."

Walikaa humo muda mrefu kuliko kawaida. Hilo ninaweza kulisema kama mtaalamu: anayejibu "hapana" humaliza upesi.

Joska alipotoka, uso wake ulikuwa ule niliomfundisha, uso usiosema kitu. Awiti alikuwa na kadi ya kliniki mkononi. Na kadi haikuniambia kitu, kwa sababu mimi ndiye niliyeamuru kila mtu apewe. Nilicheka peke yangu, nikamwona Victoire akinitazama kwa wasiwasi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Kadi iko juu ya redio.

Jumamosi, 5 Aprili

Kadi iko juu ya redio.

Jumanne, 8 Aprili

Miguu imevimba, daktari ameongeza dawa. Awiti ameninywesha mwenyewe. Nilipoamka kadi haikuwa juu ya redio. Nilimwomba Mungu isiwe kwenye takataka.

Jumatatu, 14 Aprili

Asubuhi Awiti alisimama mlangoni kwangu amevaa, mkoba begani.

"Vaa gauni la buluu, Mama."

"Tunakwenda wapi?"

"Kliniki. Kadi haikuandikwa ni ya mtu mmoja."

Tulikodi gari la jirani maana boda siiwezi tena. Kliniki ni chumba nyuma ya kituo cha afya, madawati mawili na kalenda ya kampuni ya unga. Nilitegemea kuona watu wachache wenye nyuso za kujificha. Madawati yalijaa: mwalimu wa shule na madaftari yake anasahihisha, kijana wa boda na kofia yake ya chuma mapajani, mama wa sokoni anayenyonyesha. Walikuwa wanazungumza juu ya mvua. Raundi ya kwanza mahali hapa hapakuwapo. Raundi ya pili kadi zilipeleka watu kliniki ya mbali, na hapa tulipaandika kama pendekezo tu, ukurasa wa mwisho, mahali ambapo mapendekezo huachwa. Na hapa palikuwa na foleni.

Muuguzi, msichana mwenye sauti nzito, alifungua faili.

"Mgonjwa ni nani?"

"Sote wawili," alisema Awiti.

Muuguzi akatutazama, akachukua faili la pili. Hakushangaa. Aliniuliza umri, nikamwambia themanini na moja. Aliniuliza ugonjwa ulianza lini, nikamtazama Awiti, nikasema, "Alipozaliwa huyu." Awiti akasema, "Samahani, Mama," na muuguzi akacheka kabla hajajizuia.

Kisha akatoa sindano ndogo. Ni utaratibu wao, alisema: kila anayelalamikia mwili kukosa nguvu hupimwa malaria kwanza, wasije wakatibu kichwa na kumbe ni damu. Nilitaka kumwambia utaratibu huo umetoka wapi. Badala yake nikanyoosha kidole. Awiti akanyoosha chake. Tuliketi tukiwa tumebana pamba, tukisubiri, kama watoto waliochomwa sindano shuleni.

"Hakuna malaria," alisema muuguzi. "Mama hana. Dada hana."

Awiti aliinamisha kichwa begani kwangu. Nililipokea jibu lile kwa furaha ambayo sidhani majibu ya maabara huleta mara nyingi.

Njiani kurudi alimpigia Victoire simu. "Mashine yangu usiizoee," alimwambia. "Naja kuichukua."

Nilisikia kelele za Victoire hadi kiti cha nyuma.

Jumatatu, 28 Aprili

Joska amepita kunisalimu. Moreen amesema jibu la nyumba yetu litahesabiwa, pamoja na yale maoni kwamba aliongea nami. Joska ananong'ona kwamba hesabu ya raundi hii itapanda tena. Nilimwambia awe tayari kwa magazeti, na nikamwambia cha kusema redioni. Alikiandika kiganjani.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua tangu alfajiri. Naandika kidogo, kalamu inaniponyoka.

Awiti hakuamka. Saa nne nilishika ukuta, mlango, kitanda. Alikuwa ameuelekea ukuta. Victoire alikuwa ameshaketi miguuni pake, anakunja vitenge.

"Una nini, mwanangu?"

Akageuka, akanitazama.

"Leo huzuni imerudi, Mama," akasema. "Nisogelee."